Habari Isiyofika Mstari wa Mwisho

Ujumbe wa mama ulinifikia Moshi mjini siku ya Jumatano, kupitia simu ya duka la vipuri lililokuwa chini ya chumba changu. Mwenye duka aliandika alichoambiwa kwenye kipande cha boksi: "Mama anabomoa jiko. Vitu vyako vya darini uje uvichukue kabla ya Jumamosi. Ukichelewa vinachomwa." Mama hakuwa mtu wa kutishia bure, kwa hiyo nilianza kutafuta mkoba siku ileile.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Nilikuwa naandikia gazeti moja la wiki, mojawapo ya yale yaliyoibuka kwa wingi baada ya watu binafsi kuruhusiwa kuchapisha. Habari zangu nilizitia kwenye bahasha nikamkabidhi kondakta wa basi la Dar es Salaam, na juma lililofuata nilinunua gazeti kama msomaji mwingine yeyote ili nione zimetoka au zimetupwa. Niliandika juu ya bei ya kahawa, juu ya wanunuzi wapya waliopanda mlimani na pikapu zao, juu ya watu walioanza kung'oa mibuni ya baba zao wapande nyanya. Nilikuwa na sheria mbili na nilizishika kama dini: siandiki nisichokiona au nisichoambiwa na mtu ninayeweza kumrudia, na siongezi neno. Mhariri wangu alilalamika kwamba habari zangu ni fupi mno. Nilichukulia hiyo ni sifa.

Nilifika kwetu Kirua Vunjo Alhamisi asubuhi. Jiko la zamani la mbao na udongo lilikuwa limeshaezuliwa upande mmoja, na dari lake, jeusi kwa masizi ya miaka yote, lilikuwa wazi juani. Nilihisi kama nimemkuta mtu anaoga. Mama alisimama uani, kitambaa kichwani, anamwelekeza fundi kwa kidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Panda ukatoe takataka zako, fundi anasubiri."

"Ni madaftari tu?"

"Nijuaje? Mimi sikuyasoma. Ningeyasoma ningepata sababu za kukuchapa."

Nilipanda. Yalikuwa ndani ya debe la mafuta lenye kifuniko, madaftari tisa, yamefungwa kwa kamba ya mgomba. Nilipolishusha debe mama alisema, bila kuniangalia, "Na usirudi mjini kabla ya Jumapili. Ukoo unakaa kwa baba yako mdogo baada ya misa."

"Kuna nini?"

"Shangazi yako. Baba yako mdogo anataka kumtoa."

Lazima nieleze hapa. Kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na boma la baba yake, yaani nyumba na kihamba, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka. Wakubwa hukatiwa vihamba vyao kwingine. Marehemu baba yangu alikuwa mkubwa, akapata kihamba upande wa juu wa mfereji. Baba mdogo akabaki na boma la babu. Kati yao alikuwepo dada yao mmoja, shangazi, aliyeolewa Kahe, kule tambarare, akakaa miaka kadhaa bila kupata mtoto, kisha akarudi siku moja na godoro kichwani. Mumewe alioa mwingine. Shangazi akapewa kijumba cha bibi, upande wa chini wa nyumba ya babu, karibu na njia ya kwenda Himo. Hapo ndipo alipokaa tangu mimi nikiwa mtoto wa kubebwa. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyewahi kusema kwamba pale ni kwake.

Sasa mtu kutoka mjini alikuwa ametaka kununua kile kipande cha njiani. Baba mdogo alikuwa tayari. Shangazi angetafutiwa chumba cha kupanga Himo. Alikuwa na umri ambao mtu haulizwi tena atakaa wapi. Anaulizwa atazikwa wapi. Na kwetu mtu huzikwa kwenye kihamba, katikati ya migomba, nyuma ya nyumba ya watu wake. Kahe walishamsahau. Akitolewa kwa babu hana pengine.

Niliyafungua madaftari nikiwa nimesimama. Sikuweza kukaa. Kila nilipokaa kwenye rundo la mabati fundi aliniambia nisogee.

Madaftari yale yalianza darasa la sita. Mwalimu wetu wa Kiswahili alituagiza kila mmoja aandike "Habari za Leo" kila siku kwa muhula mzima: siku, hali ya hewa, jambo lililotokea. Tulikuwa watoto wa Kichagga na Kiswahili kilikuwa cha shuleni. Aliyeshikwa akisema Kichagga uwanjani alivishwa kibao shingoni mpaka ampate mwingine wa kumvisha. Karatasi nayo ilikuwa shida miaka ile ya maduka matupu. Labda ndiyo sababu mwalimu hakuvumilia ukurasa ulioachwa nusu. Alipima kwa rula. Habari isiyofika mstari wa mwisho ilichorwa mstari mwekundu wa kukata, mwandishi akasimama nje. Muhula ulipoisha wenzangu waliacha kuandika. Mimi niliendelea miaka mitatu, mwenyewe, bila kuagizwa na mtu, na kila habari niliifikisha mstari wa mwisho.

Nilisoma haraka, nikiruka. Ng'ombe kuzaa. Mvua ya mawe. Mitumba ya kwanza kufika kijijini, na mama kununua koti la kiume lenye mfuko wa siri. Halafu, katika daftari la pili, nikakuta hii, kwa mwandiko wa mviringo nisioutambua kuwa wangu:

"Jumanne. Hali ya hewa: mawingu asubuhi, jua mchana. Leo nimempelekea babu uji kwa sababu anaumwa. Baba mdogo alikuwa ameketi mlangoni akichonga mpini wa jembe. Babu aliinua kichwa chake kutoka kwenye mto akasema kwa sauti ya huzuni: Ewe mwanangu, dada yako asitolewe katika kihamba hiki kwa neno la mtu yeyote yule, hata akija na fedha nyingi, mpaka siku atakapolazwa chini ya migomba hii. Baba mdogo akajibu: Ndiyo baba, nimesikia na nitatii. Kisha nikarudi nyumbani nikiwa nimebeba bakuli tupu."

Neno "tupu" lilikaa kwenye mstari wa mwisho.

Kurasa nne mbele, babu alikuwa amefariki.

"Umekuta nini?" mama akauliza. "Uso wako umebadilika."

Nikamsomea. Alimwambia fundi aache kugonga. "Rudia." Nikarudia. Mama akashika kiuno, akatazama upande wa chini, kule paa la baba mdogo linakoonekana kati ya migomba.

"Hiyo utaisoma Jumapili," akasema.

"Mama, mimi sikumbuki."

"Hukumbuki nini?"

"Sikumbuki babu akisema hivi. Nakumbuka uji. Nakumbuka mlango. Sauti yake siikumbuki."

"Hukumbuki, lakini umeandika. Ndiyo maana watu huandika."

Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuiona habari ile kwa jicho ninalotazamia habari za wenzangu. Babu hakuwa na mto. Alilalia blanketi lililokunjwa mara nne. Babu hakujua Kiswahili cha "ewe mwanangu", na hata kwa Kichagga hakuwa mtu wa maneno. Kwa siku nzima aliweza kusema matatu, mawili yakiwa ya ng'ombe. Sentensi ile ndefu ilikuwa ya mtoto wa darasa la sita mwenye mistari saba mitupu mbele yake na rula ya mwalimu nyuma yake. Swali lilikuwa moja tu: chini ya sentensi ile kulikuwa na kitu, au hakukuwa na kitu kabisa?

Nilifanya ninachojua kufanya. Nilichukua penseli, nikaanza daftari la kwanza ukurasa wa kwanza, nikaweka alama. Tiki kwa jambo ninaloweza kulithibitisha. Alama ya kuuliza kwa nisilolijua. Mkasi, yaani mistari miwili iliyokatana, kwa la uongo. Nilimfuata mama huku na huko uani, yeye na ndoo, mimi na daftari.

"Ng'ombe mwekundu alizaa majike mawili kwa mpigo?"

"Kweli. Mmoja alikufa."

"Padri alianguka na pikipiki kwenye mfereji?"

"Kweli, na tulimkaushia joho hapahapa jikoni."

"Mimi na wewe tulikwenda Kahe kumsalimia mtu, nikaona mamba watatu wamelala kwenye mchanga, mmoja amefungua kinywa?"

Mama akaweka ndoo chini. "Kahe? Wewe? Wiki gani hiyo?"

Nikamsomea siku.

"Wiki hiyo ulikuwa na tetekuwanga. Ulikuwa umelala humu ndani, umepakwa dawa nyeupe kama ukuta. Kahe hukuijua mpaka ulipokuwa mtu mzima." Akacheka mpaka akapangusa macho. "Mamba watatu! Na kinywa wazi!"

Mimi sikucheka. Niliweka mkasi. Mpaka jua linaelekea kushuka nilikuwa na tiki nyingi, alama za kuuliza nyingi zaidi, na mikasi kumi na mmoja. Mikasi yote ilikuwa kwenye siku ambazo hakukutokea kitu. Siku zenye kitu, nilikitaja kwanza, halafu nikakivuta mpaka chini. Hilo lilinipa moyo kidogo. Lakini halikunipa jibu.

Ijumaa nilishuka kwa shangazi. Nilijiambia nakwenda kumsalimia tu. Nilimkuta anakatakata mgomba kwa ajili ya mbuzi, panga linapanda na kushuka, macho yake mekundu ya moshi wa jikoni yametazama pembeni. Alikuwa amebaki kuona vivuli tu, lakini panga lake halikukosea.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwandishi. Umekuja kuniandika au kunisalimia?"

"Kukusalimia."

"Basi mkono mmoja umeficha nini mgongoni?"

Sikuwa nimeficha. Nilikuwa nimelishika daftari kwa nyuma tu, kama mtu anavyoshika kitu. Kumbe mama alishapita njia ile asubuhi kwenda kusaga, na huko kusaga habari haisubiri unga.

"Nisomee," shangazi akasema.

"Shangazi, sina hakika kama..."

"Nimekwambia unisomee. Sikukwambia uwe na hakika."

Nikasoma. Aliacha kukata. Nilipofika "atakapolazwa chini ya migomba hii" aligeuza uso kuelekea migombani, ingawa sidhani kama aliiona. Nilipomaliza aliguna kwa puani.

"Baba yangu? Maneno yote hayo? Huyo angekuwa ameshapona."

"Ndiyo hivyo. Ndiyo ninachosema."

"Isome tena."

Nikaisoma tena. Alitaka mara ya tatu. Mara ya tatu nilimwona anatembeza midomo pamoja nami, anayashika yale maneno mabaya ya insha, "ewe mwanangu" na yote, kama mtu anayejifunza sala.

"Siku hiyo wewe ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Majani. Nilikuwa nimeshuka tambarare kukata majani ya ng'ombe. Tulikuwa tunatoka alfajiri tunarudi jioni na mzigo kichwani. Baba yangu ameumwa wiki tatu na mimi niko majanini, kwa sababu ng'ombe wake hawakuumwa." Akapapasa, akapata kipande kingine cha mgomba. "Hakuna aliyeniambia kitu. Nilirudi nikakuta anapumua, nikakuta anapumua, siku nyingine nikakuta hapumui. Miaka yote hii nafagia uwanja kabla ya watu hawajaamka, wasinikute nimekaa. Unajua kufagia uwanja wa mdogo wako kwa miaka yote hiyo?"

Nikamweleza juu ya mamba. Nilifikiri ni haki yake ajue daftari lenyewe ni la namna gani.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Mamba hao," akasema, "nani mwingine anawajua?"

"Mama."

"Mama yako ni mtu wa maana, hatasema. Basi na wewe usiseme."

"Shangazi, wakiniuliza..."

"Nani atakuuliza habari za mamba? Kuna mtu atainuka kwenye kikao cha ukoo aseme, samahani mbe, mzee wangu, kabla hatujaendelea, mamba je?" Panga likashuka. "Unasoma ukurasa wako, unafunga, unakaa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mengine tutamalizana na Mungu."

Jumamosi sikuweza kufanya lolote. Mama alichoma mbao zilizooza, na mimi nilizunguka moto ule kama mtu anayetafuta kitu. Nilipanda mpaka barabarani nikashuka. Mara mbili nilikaa niandike barua kwa mhariri na mara mbili niliandika tarehe tu. Nilijaribu kukumbuka ule mlango: mwanga, uji, blanketi, mgongo wa baba mdogo. Kila nilipojaribu kumsikiliza babu nilisikia sauti yangu mwenyewe nikisoma. Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule mara nyingi mno. Kama kumbukumbu ilikuwepo, maandishi yalikuwa yameshaikalia.

Na palikuwa na jambo lingine ambalo sikumwambia mama. Mimi pia ni mtoto wa kike wa ukoo ule. Nilitaka iwe kweli, na ndiyo maana sikuiamini.

Jumapili watu walikaa mbele ya nyumba ya baba mdogo, wanaume kwenye mabenchi ya kigango, sisi wanawake upande, juu ya majani makavu ya migomba. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa kwenye ndoo ya plastiki ya bluu. Shangazi alikaa mwisho kabisa, amevaa nguo ya kanisani, mikono magotini. Mwenyekiti wa ukoo, mzee mwembamba aliyekuwa fundi cherehani, aliuliza jambo lililotuleta, ingawa lilijulikana na kila mtu.

Baba mdogo alisimama. Alikuwa na shati jipya na hakuonekana mtu mbaya. Hakuwahi kuwa mtu mbaya.

"Mimi simfukuzi dada yangu," akasema. "Namtafutia chumba Himo. Chumba chenye umeme, karibu na soko, karibu na zahanati. Hapa anaishi na moshi mpaka macho yamekwisha. Himo ni porini? Watu wanagombania vyumba Himo!"

"Na akifia kwenye chumba cha kupanga," mama akasema kutoka upande wetu, "utamzika stendi?"

Watu wakacheka, wengine wakamwambia mama angoje ruhusa. Mwenyekiti akagonga bilauri. Walibishana karibu saa nzima. Kila mmoja alikuwa na alichosikia kwa mwingine, kwamba babu alitaka hivi, kwamba bibi alisema vile, na kila neno liliposemwa lilipata wa kulipinga. Halafu mama akasema kwamba kuna maandishi.

Nikaitwa mbele. Nilisoma ukurasa ule kwa sauti niliyotumia kusoma masomo kanisani, kwa sababu sikuwa na nyingine. Nilifunga daftari. Watu wale wale waliokuwa wakikatizana saa nzima walikuwa wameinamisha vichwa. Mzee mmoja alivua kofia. "Imeandikwa," akasema, na mwingine akaitikia, "Imeandikwa, mbe," kana kwamba Biblia imefunguliwa. Mwandiko wa mtoto, penseli, daftari lenye tone la uji. Niliona jinsi ilivyokuwa rahisi. Ningeketi tu.

Baba mdogo hakuinamisha kichwa. Alikuwa ananitazama.

"Umeandika nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa mlangoni. Unachonga mpini wa jembe."

Nilimwona anatafuta mpini ule ndani ya kichwa chake, na nilimwona anaupata. Nilitaka kuketi. Nikabaki nimesimama.

"Kuna jambo," nikasema. "Si kila kilichomo humu ni kweli."

Nilimsikia mama akivuta pumzi kwa meno. Nikaeleza: mwalimu, rula, mstari wa mwisho. Nikaeleza kwamba kila nilipoishiwa nilitunga. Nikataja safari ya Kahe ambayo sikuisafiri.

"Mamba wangapi?" akauliza yule mzee wa kofia.

"Watatu."

Kikao kikalipuka. Mtu alimwagikiwa mbege. "Watatu! Kahe yote haina watatu!" Mwenyekiti mwenyewe alicheka, akajifuta kwa leso. Nilipotazama mwisho wa majani makavu, shangazi alikuwa ameinua uso, na uso huo haukuwa na kitu ndani yake. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu asiyeona.

"Basi ni karatasi ya mtoto," akasema mwanamume mmoja. "Tuendelee."

"Ngojeni," akasema baba mdogo. "Nipe hicho kitabu."

Nikampa. Alisoma mwenyewe, kwa kidole, polepole, huku watu wakianza kuchota mbege. Alifika chini, akarudi juu kidogo, akakaa pale.

"Mpini ulikuwepo," akasema. "Ulipasuka wiki ileile."

"Na mzee?" mwenyekiti akauliza. "Alisema?"

"Hakusema haya yote."

"Hayo tumeshajua. Alisema nini?"

Baba mdogo alibaki na kidole chake kwenye karatasi. "Alisema, dada yako asiondoke. Basi. Kisha akaomba maji." Akasogeza kidole mstari mmoja chini. "Hapa huyu mtoto ameandika kwamba nilijibu. Ndiyo baba, nimesikia na nitatii. Mimi sikujibu. Niliendelea kuchonga. Nilikuwa kijana, nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu za hiki kihamba. Nikajiambia, sijajibu, kwa hiyo sijaahidi. Nimejiambia hivyo mpaka leo."

Hakuna aliyegusa mbege.

"Sasa nakuta humu nimejibu vizuri," akasema, "na kumbe sikujibu." Akafunga daftari kwa uangalifu, kama si lake. Na kweli halikuwa lake.

Mwenyekiti aliweka bilauri chini. Halafu, kwa sauti ya mtu anayempima mteja mabega, akasema, "Basi jibu. Dada yako yupo pale."

Baba mdogo aligeuka upande wetu. Alisema kwa Kichagga, maneno mawili tu, na sitayatafsiri, nimeshatafsiri vya kutosha. Shangazi hakuitikia. Alisema, "Iandikwe."

Palitokea ubishi mdogo nani aandike. Wengine walinicheka wakasema nitatia simba. Mwishowe niliandika mimi kwa sababu kalamu ilikuwa yangu. Walinipa karatasi safi na nikaandika juu ya benchi, nimepiga magoti, baba mdogo akitaja: kwamba yeye, mwenye boma hili, anasema mbele ya ukoo, "Dada yangu asiondoke." Nikaweka nukta. Mkono ulikuwa unawasha kutaka kuongeza. Palikuwa na nafasi kubwa nyeupe, na nilijua maneno mazuri kumi ya kuijaza. Nikainua kalamu.

"Soma," akasema shangazi.

Nikasoma.

"Ongeza: hata akifa."

Nilimtazama baba mdogo. Yeye alikuwa anatazama kule chini, kwenye kijumba cha bibi na kile kipande cha njiani, migomba yake na nyuma yake barabara ya Himo. Nadhani alikuwa anamwona yule mtu wa mjini akigeuza gari. Kuku alipita katikati ya kikao na hakuna aliyemfukuza.

"Andika," akasema.

Niliandika. Baba mdogo alitia sahihi, mwenyekiti akatia yake, wazee wawili wakatia dole gumba. Nilikausha wino kwa kupuliza, nikampelekea shangazi pale alipokaa, nikamwekea mkononi, nikaanza kumsomea.

"Siyo wewe," akasema. Aliitoa karatasi mbele yangu, akainyoosha kwa kiganja juu ya goti lake, akampa mama. "Wifi, nisomee kilichoandikwa. Pole pole. Na ukifika mwisho uniambie kwamba ni mwisho."

Mama akasoma. Alipomaliza, akamwambia.